Ushauri wa Adabu katika Kikorea: Sarufi na Heshima

Ushauri hukaribiana sana na amri. Amwambiaye mwenzake apunguze sigara au alale mapema huwa anaingilia mambo ya nafsi ya mwenzake, hata kama nia yake ni njema. Katika Kikorea sehemu kubwa ya uangalifu unaohitajiwa hapo imewekwa ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi au mfasiri asiyezifahamu njia zake huweza kutunga sentensi isiyo na kosa lolote la sarufi, na bado ikamwudhi msikilizaji. Makala haya yanakusudia kuzieleza njia hizo kwa mifano ya mazoea ya kila siku.

Jambo la kwanza ni ngazi ya usemi. Tazama mifano ifuatayo, ambayo yote ina maana ya 'lala mapema':

(1) Iljjik ja.
(2) Iljjik jayo.
(3) Iljjik jumuseyo.

Sentensi (1) huambiwa mtoto au rafiki wa karibu. Katika (2) kiishio -yo kimeongeza adabu kwa msikilizaji. Katika (3) mzizi wenyewe umebadilika: mahali pa ja- pametiwa jumusi-, kitenzi cha kulala kinachotumiwa kwa mkubwa. Vitenzi vingi havina mzizi wa pekee wa namna hii. Hivyo hupewa kiambishi -si-, kama vile juri- 'punguza' kuwa jurisi-. Yafaa kutofautisha viambishi hivi viwili: -si- humheshimu mtendaji, ilhali -yo humheshimu asemeshwaye. Katika ushauri watu hawa wawili huwa ni mtu mmoja.

Hata hivyo, heshima peke yake haiondoi amri. Linganisha:

(4) Dambaereul kkeuneuseyo. 'Acha sigara.'
(5) Dambaereul jom juryeo boseyo. 'Jaribu kupunguza sigara kidogo.'
(6) Dambaereul jom jurisineun ge eotteolkkayo? 'Waonaje ukipunguza sigara kidogo?'
(7) Dambaereul jom jurisimyeon joeul geot gatayo. 'Ukipunguza sigara kidogo, huenda ikawa vyema.'

Sentensi (4) ina viambishi vyote viwili vya heshima, lakini ni agizo. Daktari aweza kumwambia mgonjwa hivyo. Kijana akimwambia mjomba wake, huonekana amejipa mamlaka asiyokuwa nayo. Katika (5) neno jom, 'kidogo', halipimi idadi ya sigara. Kazi yake ni kulainisha usemi. Kitenzi bo-, 'ona', kimepata maana ya kujaribu, jambo lisilo geni kwa msemaji wa Kiswahili asemaye 'hebu onja uone'. Sentensi (6) humwachia msikilizaji uamuzi kwa njia ya swali. Katika (7) msemaji hatoi hukumu, kwani -eul geot gat- huonyesha kwamba asemalo ni dhana yake tu.

Jambo la mwisho ni nafsi. Kamusi hutoa dangsin kuwa ni 'wewe', lakini neno hilo haliambiwi mkubwa. Mahali pake hutumika jina la ujamaa au la cheo, kama halmeoni 'bibi' au seonsaengnim 'mwalimu', ama nafsi haitajwi kabisa. Kiswahili hakina nafasi hiyo: katika 'upunguze', kiambishi u- hakiepukiki, awe aambiwaye ni mtoto au mzee. Heshima hutafutwa kwingine, kama katika 'mzee, ingefaa upunguze'.

Hapa ndipo penye mtego kwa mfasiri. Akiifasiri (7) kwa 'punguza sigara', habari imefika lakini uhusiano wa wasemaji umepotea. Na aifasiriye 'upunguze, mzee' kwa (4) amemfanya kijana mwenye adabu kuwa mjuvi. Kwa sababu hiyo, mwalimu wa lugha hizi mbili afundishe kila umbo la ushauri pamoja na swali la nani anamshauri nani.