Unaprinti fomu moja ya Access, zinatoka karatasi 600? Tatizo liko hapa

Umefungua fomu ya mwanachama mmoja wa SACCOS, ukabonyeza kuprinti, printa ikaanza kutema karatasi na haikomi. Nusu ya karatasi hizo ni tupu. Wino unaisha, bosi anauliza.

Hapa kuna makosa mawili tofauti, na mara nyingi hutokea pamoja.

La kwanza, Access haiprinti kile unachokiona kwenye skrini. Inaprinti rekodi zote zilizo nyuma ya fomu hiyo. Kama wanachama wako 300 na kila mmoja anajaza ukurasa, utapata kurasa 300. Kwa hiyo achana na Quick Print, maana hiyo inatuma kazi moja kwa moja bila kukuuliza kitu. Bofya kwanza ule mstari wa pembeni kushoto kwa rekodi unayoitaka, nenda File, kisha Print, chagua Print tena, halafu weka alama kwenye Selected Records.

La pili ni upana, na hili ndilo linalosumbua watu zaidi. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiacha pambizo ya sentimita 2 kila upande, fomu inabaki na sentimita 17 tu. Ikiwa na 18, ile sentimita moja iliyozidi inahamia ukurasa wa pili, hata kama haina maandishi yoyote. Ndiyo hizo karatasi tupu, na ndivyo 300 zinavyokuwa 600.

Kuvuta dirisha liwe dogo hakusaidii, kwa sababu unapunguza dirisha tu, fomu yenyewe inabaki vilevile. Ingia Design View, shika ukingo wa kulia wa fomu uuvute ndani. Ukigoma, ujue kuna kitu kimekaa huko mwisho: mstari, kisanduku, au lebo tupu uliyoisahau. Kisogeze kushoto au kifute, kisha vuta tena. Angalia na Page Setup pia, kwani printa nyingine huwa zimewekwa Letter, karatasi ya Kimarekani ambayo ni pana kidogo kuliko A4 lakini fupi. Ukipanga fomu kwa vipimo vyake, kwenye A4 itazidi.

Vile vitufe vya "Hifadhi" na "Funga" havina kazi kwenye karatasi. Chagua kitufe, fungua Property Sheet, na kwenye Display When weka Screen Only. Kwenye skrini kitaonekana, kwenye karatasi hakitatoka.

Kusema kweli, fomu ilitengenezwa kwa kujazia taarifa. Ya kuprinti ni ripoti. Kama kazi hii unaifanya kila wiki, fungua fomu, nenda Save As, kisha Save Object As, na uihifadhi kama Report. Sehemu ya Detail iwekee Force New Page iwe After Section, kila mwanachama atapata ukurasa wake. Upana bado utaupima kwa hesabu ileile ya sentimita 17, na kabla ya kuprinti pitia Print Preview uone idadi ya kurasa.