RS-232 na USB: Viwango Viwili vya Mawasiliano ya Mfuatano

Katika mawasiliano ya mfuatano, biti husafiri moja baada ya nyingine katika njia moja. Katika mawasiliano sambamba, biti kadhaa husafiri kwa pamoja, kila moja katika waya wake. RS-232 na USB zote ni za mfuatano. Usiandike kwamba USB ni sambamba kwa sababu tu ina kasi kubwa.

Kiwango cha zamani: RS-232

Kilitolewa Marekani mwaka 1960 ili kuunganisha teminali na modemu. Kwenye kompyuta nyingi za zamani utakitambua kwa kiunganishi chenye pini 9. Biti 1 huonyeshwa kwa volti hasi 3 hadi hasi 15, na biti 0 kwa volti chanya 3 hadi chanya 15. Mlango mmoja huhudumia kifaa kimoja. Kasi ya mawasiliano, kwa mfano biti 9,600 kwa sekunde, lazima ipangwe sawa pande zote mbili. Zikitofautiana, herufi zitakazotokea kwenye skrini hazitasomeka.

Kiwango kipya: USB

Kilitolewa mwaka 1996 na kampuni kadhaa, zikiwemo Intel, Microsoft na IBM, ili aina moja ya mlango itumike kwa kipanya, kibodi, printa na vifaa vingine. Kompyuta hukitambua kifaa mara kinapochomekwa, bila kuzimwa kwanza. Toleo la USB 2.0 lilitoka mwaka 2000 na USB 3.0 mwaka 2008.

Ulinganisho wa RS-232 na USB 2.0

1. Kasi: RS-232 kwenye kompyuta za kawaida hufikia biti 115,200 kwa sekunde, USB 2.0 hufikia biti milioni 480 kwa sekunde.
2. Urefu wa kebo: RS-232 kwa desturi mita 15, USB 2.0 mita 5.
3. Idadi ya vifaa: RS-232 kimoja kwa mlango, USB hadi 127 kwa kutumia vigawanyishi.
4. Umeme: RS-232 haikuundwa kulisha kifaa umeme, USB 2.0 hutoa volti 5 na hadi ampia 0.5.

Mfano wa hesabu

Picha ina baiti 3,000,000. Katika RS-232, kila baiti hubebwa na biti 10: biti 8 za data, moja ya kuanza na moja ya kumaliza. Kwa kasi ya 115,200, baiti 11,520 hupita kila sekunde, hivyo picha itachukua sekunde 260, yaani zaidi ya dakika 4. Kwa USB 2.0, biti 24,000,000 zikigawanywa kwa 480,000,000 ni sekunde 0.05. Kwa vitendo muda huwa mrefu kidogo, lakini tofauti bado ni kubwa mno.

Kwa nini RS-232 haijatoweka?

Mlima Oldoinyo Lengai, upande wa tarafa ya Sale wilayani Ngorongoro, ni volkano hai. Mwaka 2007 ulianza kulipuka kwa nguvu. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, hutumia vipokezi vya GPS kuangalia kama ardhi kuuzunguka inavimba au kushuka. Vipokezi vingi vya upimaji wa aina hii hadi leo huwa na mlango wa RS-232 kando ya milango mipya.

Sababu ni kwamba taarifa ya mahali ni fupi. Ujumbe wa kawaida wa GPS hauzidi herufi 82. Kwa kasi ndogo ya biti 4,800 kwa sekunde, herufi 480 hupita kila sekunde, hivyo ujumbe mzima huchukua sekunde 0.17 tu. Kasi ya USB haiongezi faida kubwa hapo. Kinachotakiwa ni kebo inayofika mbali na mfumo rahisi unaofanya kazi bila mtu kuwa karibu.

Kompyuta mpakato isiyo na mlango wa pini 9 huunganishwa kwa adapta ya USB kwenda RS-232. Adapta huhitaji draiva yake, na kasi bado lazima ipangwe sawa pande zote. Kwa hiyo kifaa kizima cha zamani hakitupwi kwa sababu ya mlango wake tu.

Zingatia

Jibu la "USB ni bora" halijitoshelezi. Taja ni bora kwa kazi gani, kisha toa sababu: kasi, umbali, idadi ya vifaa au umeme.

Swali la kujipima

Kipima mvua katika shule moja ya Karatu kiko mita 12 kutoka kwenye kompyuta. Hutuma baiti 40 kila dakika kwa biti 9,600 kwa sekunde, na kina betri yake. Chagua kiwango kinachofaa na utoe sababu mbili.

Jibu: RS-232. Kwanza, mita 12 zinazidi kikomo cha kebo ya USB 2.0. Pili, baiti 40 ni biti 400, ambazo hupita kwa takriban sekunde 0.04, kasi hiyo inatosha kabisa.