Jezi ipi ivuke mpaka? Shabiki kati ya klabu yake na taifa lake

Usiku wa Alhamisi, Juni 27, 2019, mwandishi wa makala haya alikuwa Namanga, upande wa Tanzania, ndani ya banda la kuonyeshea mpira lililojaa hadi watu wakakalia kreti za soda. Huko Cairo, Tanzania na Kenya zilikuwa zinakutana katika Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON). Mechi ilianza saa 5 usiku, saa ambayo mfanyabiashara wa mpakani angekuwa amelala ili awahi foleni ya asubuhi. Lakini siku hiyo walikuwepo wa pande zote mbili: wauza vitunguu na mchele, madereva wa malori, mawakala wa forodha na vijana wa bodaboda.

Simon Msuva alifunga mapema na nusu ya banda ikasimama. Michael Olunga akasawazisha, ikasimama nusu ya pili. Kabla kelele hazijatulia Mbwana Samatta akaiweka Tanzania mbele tena. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha, kisha Olunga akamaliza kazi. Kenya 3, Tanzania 2.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, muuza maharage, Mtanzania, amevaa jezi nyekundu ya Simba. Msuva alipofunga, mzee alikunja mikono na kutulia kama aliyefungwa yeye. Samatta alipofunga, aliruka hadi kofia ikadondoka. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila aibu kwamba Msuva ni wa Jangwani na Samatta ni wa Msimbazi. Wote wawili walikuwa wamekwishaondoka kwenye klabu hizo kwenda kucheza nje ya nchi. Kwa mzee huyo, hilo halikufuta kitu.

Je, mzee yule hakuipenda nchi yake? Swali hili linaulizwa kila timu ya taifa inapoingia uwanjani, na hapa mpakani lina uzito wa pekee, kwa sababu huku mtu anaulizwa uraia wake mara nyingi kuliko anavyoulizwa jina lake.

Klabu ilimtangulia taifa

Tuanze na umri. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa klabu ambayo baadaye ilijulikana kama Sunderland na, tangu 1971, Simba. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 na Muungano ukaja 1964. Kwa hiyo kijana wa Dar es Salaam alikuwa na klabu ya kuipigania robo karne kabla hajawa na bendera ya taifa.

Ushabiki wa klabu ulirithiwa nyumbani kama jina la ukoo. Mtoto haketi chini akachagua. Anakuta baba ni wa Jangwani, mjomba ni wa Msimbazi, na utani unaanza kabla hajajua kusoma. Klabu inacheza karibu kila wiki, na Jumatatu asubuhi lazima ukutane sokoni na mtu wa kumcheka au wa kukucheka. Timu ya taifa inakuja kwa vipindi, mechi mbili hapa, mbili kule, halafu kimya.

Tena kwa muda mrefu timu hiyo haikuwapa watu cha kushika. Taifa Stars ilicheza AFCON mwaka 1980 nchini Nigeria, kisha ikangoja miaka 39 kurudi, mwaka 2019 nchini Misri. Mtu aliyezaliwa baada ya fainali za Nigeria aliweza kuoa, kuzaa na kufikisha miaka 38 bila kuiona timu ya nchi yake katika mashindano hayo. Katika miaka hiyo hiyo Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Furaha ilitoka kwenye klabu, na mapenzi yakaenda huko huko.

Siku Stars ilipokuwa mgeni nyumbani

Matokeo yake wengi wanayakumbuka. Kikosi cha Stars kikiwa na wachezaji wengi wa Yanga, mashabiki wa Simba walinuna. Wakizidi wa Simba, wale wa Yanga walibaki nyumbani au wakaja kuzomea. Mchezaji alipokosea pasi, hakuitwa mchezaji wa taifa bali wa klabu yake.

Mambo yalianza kubadilika alipokuja kocha Marcio Maximo kutoka Brazil mwaka 2006. Aliwaita mashabiki warudi kwa timu yao, na mwaka 2007 ulipofunguliwa uwanja mpya wa taifa jijini Dar es Salaam, wenye viti 60,000, Stars ikawa na pa kuwakusanya. Chini yake Tanzania ilifuzu fainali za kwanza za CHAN, zilizochezwa Ivory Coast mwaka 2009. Hata hivyo, Maximo mwenyewe hakukwepa jeraha la klabu. Alipomwacha kipa Juma Kaseja nje ya kikosi, mjadala uligawanya nchi, na wengi waliupima uamuzi ule kwa rangi ya jezi kuliko kwa ubora wa kipa.

Pasipoti ya shabiki

Upande wa pili wa jambo hili ulionekana Machi 2024. Simba na Yanga zote zilikuwa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na katika siku mbili mfululizo zilipokea wageni Dar es Salaam: Al Ahly ya Misri na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Kama ilivyo desturi, watani walijiandaa kuvaa jezi za wageni. Wa Yanga wawe Waarabu kwa siku moja, na wa Simba wawe watu wa Pretoria siku inayofuata.

Waziri mwenye dhamana ya michezo alikemea, akasema Mtanzania atakayevaa jezi ya wageni ataulizwa pasipoti. Vijiweni watu walicheka, lakini palikuwa na swali la kweli ndani yake. Klabu inapocheza kimataifa, je, inakuwa mali ya taifa zima? Serikali ilikwishaonyesha inakoegemea: tangu 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa akitoa fedha kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, zawadi ambayo watu waliipa jina la goli la mama.

Shabiki naye ana hoja yake. Utani wa jadi ni mkataba wa zamani. Mtani wako ana haki ya kukucheka msibani, lakini ndiye anayebeba jeneza. Mtu wa Yanga anayeishangilia Al Ahly hajahamia Misri. Anataka tu Jumatatu awe na la kusema dukani. Mkataba unavunjika pale mzaha unapogeuka ngumi au chupa, au pale mchezaji anapozomewa akiwa amevaa jezi ya nchi. Hapo hakuna mtani aliyebaki kubeba jeneza.

Kenya: kabila, klabu na jezi ya Harambee

Vuka geti la Namanga na hadithi inabadilika sura. AFC Leopards, iliyoanza kama Abaluhya mwaka 1964, na Gor Mahia ya mwaka 1968 zilikua kama nyumba za watu waliotoka magharibi ya nchi kuja kutafuta riziki Nairobi. Klabu iliwakumbusha kwao. Kwa hiyo Kenya swali la klabu na taifa limebeba pia swali la jamii: Ingwe na K'Ogalo ni za nani, na Harambee Stars ni ya nani?

Gor ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, na hadi leo wazee wa Nairobi wanausimulia ushindi ule kama mali ya Kenya nzima. Baadaye uongozi wa soka ukavurugika hadi FIFA ikaifungia nchi kwa miezi kadhaa mwaka 2022. Vijana wengi wakahamishia mapenzi Uingereza. Ukiingia matatu ya Nairobi, jezi za Arsenal na Manchester United zinakupokea kabla ya yoyote ya nyumbani.

Kisha ikaja Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa CHAN kwa pamoja. Mashindano haya huruhusu tu wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao. Harambee Stars iliifunga DR Congo, ikaifunga Morocco, ambayo baadaye ndiyo ilichukua kombe, ikaifunga pia Zambia. Kasarani ilijaa hadi CAF ikalazimika kupunguza idadi ya mashabiki kwa sababu ya vurugu za milangoni. Wenyeji wote watatu waliishia robo fainali, lakini somo lilibaki: wachezaji wale wale wa klabu, wakipewa jezi ya taifa na ushindi kidogo, wanaweza kuwaunganisha watu waliokuwa wakizomeana wiki iliyopita. Uzalendo wa uwanjani unalishwa na matumaini, na hotuba peke yake hailishi kitu.

Klabu isiyojua mpaka

Kuna jambo ambalo wafanyabiashara wa mipakani wanalijua kuliko wachambuzi wa redioni. Timu ya taifa inachora mpaka. Klabu inaufuta.

Hesabu majina. Haruna Niyonzima, aliyekuwa nahodha wa Rwanda, alizichezea Yanga na Simba. Saido Ntibazonkiza wa Burundi naye alizichezea zote mbili. Emmanuel Okwi wa Uganda alikuwa kipenzi cha Msimbazi, na Khalid Aucho, Mganda mwenzake, akawa nguzo ya Jangwani. Meddie Kagere, Francis Kahata na Joash Onyango walitoka Gor Mahia wakaenda Simba. Fiston Mayele wa DR Congo aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Samatta naye alipita njia hiyo kinyume: kutoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2015, kabla ya kwenda Ulaya.

Kwa hiyo Mrundi anayeleta mawese Kigoma na Mkongo anayefuata vitenge Kariakoo wanaingia mjini wakiwa tayari na upande. Mtu hauliziwi kitambulisho kabla ya kuambiwa karibu, Mwananchi, au karibu, Mnyama. Siku zote mlango wa kwanza wa biashara ni mazungumzo, na mlango wa mazungumzo mara nyingi ni mpira. Wangapi wamekopeshwa mzigo kwa sababu muuzaji na mnunuzi walilia pamoja siku Yanga ilipolikosa kombe mbele ya USM Alger kwa faida ya bao la ugenini?

Hesabu ya mwenye duka

Mapenzi ni mapenzi, lakini msomaji wa gazeti hili ana mzigo wa kuuza. AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Anayeuza jezi ajiulize mapema: aweke za klabu au za taifa?

Jezi ya klabu ni kama unga. Inatoka kidogo kidogo mwaka mzima, na ligi ikianza watu wanataka toleo jipya. Jezi ya taifa ni kama mahindi ya kuchoma siku ya sherehe. Inaisha kwa siku tatu timu ikishinda, na inakaa ghalani timu ikitolewa. Aliyejaza stoo kabla ya mechi ya mwisho ya makundi anaijua hasara hiyo.

Kuna na la forodha. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi Dola 2,000 za Marekani, unahusu bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Jezi iliyoshonwa China haipati nafuu hiyo hata kama ina nembo ya simba au bendera ya taifa, na ikiwa nembo imenakiliwa bila kibali, unajiongezea kesi juu ya ushuru. Fundi wa Arusha, Kampala au Kisumu anayeshona skafu, kofia na bendera kwa kitambaa cha hapa hapa ana nafasi nzuri zaidi. Na kitambaa hicho kinaweza kubeba rangi ya taifa upande mmoja na ya klabu upande wa pili, kwa wateja kama mzee wangu wa Namanga.

Nimalizie kwake. Filimbi ya mwisho ilipolia usiku ule, Wakenya walicheza barabarani hadi geti la mpaka. Mzee alibaki ameketi. Kijana mmoja wa upande wa pili, mteja wake wa maharage, alimletea soda na kumpa pole kwa kipigo. Mzee aliipokea, akanywa nusu, kisha akaanza kulalamika kwa uchungu jinsi mabeki walivyomwacha Olunga peke yake. Hakutaja Jangwani wala Msimbazi. Alisema tumefungwa, kwa "tu" ile ya Watanzania wote.

Asubuhi yake alikuwa kwenye foleni na magunia yake, amevaa jezi ile ile nyekundu.