Sikio Halipimi kwa Rula

Ndugu wasikilizaji, leo nazungumzia kitu kidogo: kile kitufe tunachozungusha kuongeza au kupunguza sauti.

Miaka ya nyuma nilijiundia amplifaya ya wati 20. Marehemu baba yangu alikuwa mgonjwa kitandani, na raha yake ilikuwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nikigusa kitufe kidogo tu, spika inanguruma na mzee anashtuka. Nikikirudisha, kimya. Mzee akasema, "Mwanangu, izime."

Amplifaya haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyesahau sikio. Ili binadamu asikie sauti imeongezeka maradufu, nguvu huongezwa kama mara kumi: kutoka wati 2 hadi wati 20. Nami nilifunga potenshiometa ya mstari, yaani inayogawa volti sawasawa. Ikiwa katikati hupitisha nusu ya volti, na sikio huona sauti imepungua kidogo tu. Sauti zote za chini zimebanana pale mwanzo kabisa wa kitufe.

Inayofaa ni ya aina ya logi. Hiyo ikiwa katikati hupitisha kama asilimia 10 hadi 15 tu. Nyingi zinazotoka Asia huandikwa A kwa logi na B kwa mstari, lakini za zamani zina alama tofauti. Kwa hiyo chukua mita. Weka kitufe katikati, kisha pima kati ya mguu wa kati na ule utakaokwenda ethi. Ukipata nusu ya omu zote, hiyo ni ya mstari.

Je, ukiikosa ya logi madukani? Chukua ya mstari ya omu 100,000, kisha unganisha rezista ya omu 10,000 kutoka mguu wa kati hadi ethi. Katikati itapitisha sehemu moja ya saba ya volti, na hiyo inatosha. Ifunge mahali sauti inapoingilia amplifaya. Ukiifunga kwenye waya wa spika, itaungua.

Mimi niliponea kwa rezista hiyo moja. Usiku uliofuata mzee alisikiliza habari mpaka mwisho, nami chumba cha pili sikusikia hata neno.

Hadi juma lijalo, kwaherini.