Mama mchuuzi, mtoto akipunguza kucheza usisubiri mzigo uishe

GATUMBA. Kila asubuhi barabara itokayo Bujumbura kwenda Uvira hujaa kina mama wenye ndoo za nyanya, mafungu ya mboga, maharagwe na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Wote wanaelekea mpaka wa Gatumba, na baada yake Kavimvira upande wa Kongo. Miongoni mwao wamo wajawazito, na baadhi yao huendelea kuvuka mpaka wiki za mwisho kabla ya kujifungua. Biashara ya mtaji mdogo haina likizo ya uzazi.

Mjamzito wa miezi minane anayeamka alfajiri, akapanga mzigo, akasimama kwenye foleni ya forodha na kuuza hadi jioni, anaweza kufika kitandani bila kukumbuka kama mtoto alicheza siku hiyo. Na akikumbuka kwamba hakucheza, huwa na majibu tayari: amechoka na safari, amelala, anajiandaa kuzaliwa. Majibu hayo yanaweza kumgharimu mtoto uhai.

Hakuna idadi moja

Swali ambalo wajawazito wengi huuliza ni hili: mtoto acheze mara ngapi kwa siku? Wataalamu wa uzazi wanasema hakuna idadi moja inayowafaa watoto wote. Yuko anayepiga mateke mchana kutwa, na yuko mtulivu anayechangamka usiku tu. Kinachotazamwa ni kawaida ya mtoto huyo mwenyewe.

Mama wengi huanza kuhisi mtoto akicheza kati ya wiki ya 16 na ya 24. Michezo huongezeka hadi karibu wiki ya 32, kisha hubaki katika kiwango hicho hadi siku ya kujifungua. Namna inaweza kubadilika, teke likawa msukumo au kujigeuza kwa sababu nafasi ni ndogo, lakini michezo haipaswi kupungua. Imani kwamba mtoto hutulia anapokaribia kuzaliwa si ya kweli.

Mtoto hulala pia. Usingizi wake tumboni kwa kawaida huchukua dakika 20 hadi 40, na ni nadra kupita dakika 90. Kimya cha nusu saa kisimtie mama hofu. Kimya cha tangu asubuhi hadi jioni ni jambo jingine.

Hesabu ya kumi ilitoka wapi

Wapo kina mama walioambiwa wahesabu michezo 10. Hesabu hiyo ilienea kuanzia mwaka 1976, madaktari wa mji wa Cardiff, Wales, walipotumia karatasi ya kuhesabu michezo 10 ndani ya saa 12. Baadaye utafiti mkubwa uliohusisha wanawake zaidi ya 68,000, uliochapishwa mwaka 1989, haukuonyesha kwamba kuwaagiza wajawazito wote kuhesabu kila siku kunapunguza vifo vya watoto tumboni.

Mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) halikupendekeza hesabu ya kila siku kuwa utaratibu wa kawaida. Lilisisitiza badala yake kwamba kila mjamzito aelezwe umuhimu wa michezo ya mtoto katika miezi mitatu ya mwisho, na atoe taarifa akiona imepungua.

Kwa nini ipungue? Mtoto hupata hewa na chakula kupitia kondo la nyuma. Kondo likishindwa kufanya kazi vizuri, mtoto hupunguza kujitingisha ili kutunza nguvu kidogo alizo nazo. Shinikizo la juu la damu, kisukari na maambukizi vinaweza kuleta hali hiyo. Malaria nayo imo, na wakazi wa bonde la Rusizi wanaijua vyema.

Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba watoto wapatao milioni 1.9 huzaliwa wafu kila mwaka duniani baada ya wiki ya 28 ya ujauzito. Karibu nusu yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara.

Safari huficha dalili

Mama akiwa anatembea au anahangaika na wateja, michezo midogo humpita bila kuihisi. Ndiyo maana mchuuzi anahitaji kuwa na wakati wake maalumu kila siku, kwa mfano baada ya chakula cha jioni, akiwa amelala kwa ubavu bila kazi mkononi. Baada ya siku chache atakuwa anaijua kawaida ya mtoto wake.

Akiwa na shaka tu, mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza unasema alale ubavu wa kushoto na kumsikiliza mtoto kwa muda wa saa mbili. Asipohisi michezo 10 au zaidi, aende kituoni wakati huo huo. Lakini aliye na hakika kwamba mtoto amepunguza au ameacha kucheza hana haja ya kupima saa mbili. Aende mara moja, hata kama ni usiku. Kunywa soda au maji baridi ili kumwamsha mtoto si tiba, na kunaweza kumchelewesha mama.

Kwa anayevuka mpaka, kuchelewa kuna sura nyingi. Mzigo haujaisha, na nyanya hazingoji kesho. Deni la mtaji linasubiri. Kituo anachokizoea kiko ng'ambo. Mvua nayo ina neno lake: mafuriko ya Rusizi na kupanda kwa maji ya ziwa yameikumba Gatumba mara kadhaa, yakiwemo yale ya mwaka 2020 yaliyowahamisha maelfu ya watu.

Kituo kilicho karibu

Kanuni ni moja: aende kwenye kituo kilicho karibu na alipo, si kilicho karibu na nyumbani. Dalili ikimpata Uvira, aende Uvira. Ikimpata Gatumba, aende Gatumba au Bujumbura. Kadi ya kliniki ikae pamoja na karatasi za mpakani. Kifaransa ni lugha ya kazi hospitalini pande zote mbili, hivyo mkunga wa upande wa pili ataweza kuisoma.

Kituoni, mkunga atasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Atapima tumbo na shinikizo la damu, na ikibidi atampeleka mama hospitali yenye vipimo zaidi. Mapigo yakisikika, hayo ni majibu ya saa ile. Mtoto akipunguza tena kesho, mama arudi tena, wala asione haya.

Kuhusu gharama, Burundi iliondoa malipo ya kujifungua katika vituo vya umma mwaka 2006. Hata hivyo, anayetoka nchi jirani ni vyema aulize mapema ni huduma gani atalipia, na atenge nauli na akiba kidogo isiyoguswa na mtaji.

Wenzake wa soko nao wana sehemu yao. Wanaokopeshana na kuweka akiba pamoja wanaweza kukubaliana kwamba mwenzao mjamzito akisema mtoto hachezi, mmoja anabaki na mzigo wake na mwingine anamsindikiza.

Takriban wanawake 7 kati ya 10 wanaopatwa na hali hiyo mara moja huendelea na ujauzito bila tatizo. Huyo atakuwa amepoteza mauzo ya siku moja. Nyanya zilizooza hununuliwa nyingine wiki ijayo, lakini saa zilizopotea mtoto akiwa anaishiwa hewa hazirudi.