Wapiga Tarumbeta na Korneti wa New Orleans

Muziki uitwao jazi ulizaliwa katika mji wa New Orleans, bandari iliyo karibu na mwisho wa mto Mississippi, kusini mwa Marekani. Walioanzisha muziki huo walikuwa hasa watu weusi, vizazi vya Waafrika waliochukuliwa utumwani ng'ambo ya bahari. Zamani za utumwa, siku za Jumapili, watumwa wa mji huo walikusanyika katika uwanja uliokuja kuitwa Congo Square, wakapiga ngoma na kucheza michezo ya kwao. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu weusi wakaunda bendi zao wenyewe za ala za shaba kwa kufuata mfano wa bendi za askari. Msomaji wa pwani hatalistaajabia jambo hilo, maana ngoma ya beni nayo ilitokea vivyo hivyo, watu walipotazama bendi za askari wa Kizungu wakazigeuza kuwa zao.

Bendi hizo zilitakiwa katika kila shughuli ya mji, na zaidi katika mazishi. Kwenda makaburini zilipiga nyimbo za dini, taratibu na kwa huzuni. Maiti akiisha kuzikwa, zilirudi mjini kwa nyimbo za furaha, na watu wakazifuata nyuma wakicheza. Katika bendi ya jazi mwenye korneti au tarumbeta ndiye kiongozi. Yeye hushika wimbo wenyewe. Klarineti, iliyo kama zumari, huuzungukazunguka kwa juu. Na tromboni huujibu kwa chini.

Yafaa kueleza ala yenyewe kwanza. Tarumbeta ni bomba la shaba lililokunjwa, ambalo likinyoshwa lapata urefu wa futi nne na nusu hivi. Korneti ina urefu kama huo huo, ila imekunjwa zaidi, na bomba lake hupanuka kidogo kidogo, kwa hiyo sauti yake ni laini. Bomba la tarumbeta lina upana mmoja kwa sehemu kubwa, na sauti yake ni kali zaidi. Kila moja ina vifungo vitatu vya kubonyeza kwa vidole, na kila kifungo huipitisha pumzi katika kipande kingine cha bomba, sauti ikashuka. Lakini kazi kubwa si ya vidole. Sauti huanza katika midomo ya mpigaji, inayotetemeka ikibanwa kati ya shaba na meno; na akitaka kupanda juu, hana budi kuikaza. Kwa sababu hiyo mpiga tarumbeta aliyeharibikiwa na meno ni kama seremala aliyekatika mkono, na katika habari za watu hawa meno yatatajwa mara nyingi.

Wa kwanza kupata sifa alikuwa Buddy Bolden, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1877. Wazee waliomsikia walisema korneti yake ilisikika mbali sana wakati wa usiku, na kwamba alipoipiga watu waliziacha dansi nyingine wakamwendea. Mwaka 1907, naye hajatimiza miaka 30, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa humo mpaka alipokufa mwaka 1931. Hakuna santuri yake hata moja iliyopatikana. Wote wanaomsifu leo wanasifu sauti wasiyoisikia, na huenda sifa zake zimezidi kukua kwa sababu hiyo hiyo.

Santuri za kwanza za jazi zilitolewa mwaka 1917 na bendi ya Wazungu wa New Orleans, na mpiga korneti wao alikuwa Nick LaRocca. Zilinunuliwa sana. Walakini ufundi uliokomaa haukusikika vema katika santuri mpaka mwaka 1923, wakati Joe Oliver, aliyeitwa King, yaani mfalme, alipoingia na bendi yake katika chumba cha kurekodi huko Richmond, jimbo la Indiana.

Oliver alikuwa amehamia Chicago, kama watu weusi wengi wa kusini waliokwenda kaskazini kutafuta kazi na maisha yenye heshima zaidi. Alikuwa fundi wa kuibadili sauti ya korneti kwa kuiziba kwa kikombe au kofia, hata ikalia kama mtoto au ikazungumza kama mtu. Mwaka 1922 alimwita kijana kutoka kwao awe mpiga korneti wa pili. Usiku, katikati ya muziki, Oliver alimdokeza kijana huyo kwa siri sauti atakazopiga baadaye kidogo. Kisha bendi iliponyamaza ghafula, korneti mbili zikatoka pamoja bila kukosana hata kidogo. Wasikilizaji hawakuelewa jambo hilo lilifanywaje.

Kijana huyo alikuwa Louis Armstrong. Alizaliwa mwaka 1901 katika mtaa wa mafukara wa New Orleans. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alifyatua bastola hewani barabarani, akakamatwa na kupelekwa katika nyumba ya kulelea watoto watundu. Huko mwalimu Peter Davis alimpa korneti akamfundisha, na alipotoka alikuwa amekwisha kuiongoza bendi ya watoto. Baadaye alipiga katika meli za mtoni, akajifunza kusoma muziki.

Kati ya mwaka 1925 na 1928 Armstrong alitoa santuri na vikundi vyake vidogo, na muziki wa jazi haukuwa tena kama ulivyokuwa. Zamani bendi nzima ilipiga pamoja. Tangu hapo mtu mmoja aliweza kusimama peke yake na kusimulia habari yake kwa tarumbeta. Katika santuri ya West End Blues ya mwaka 1928 anaanza peke yake kwa muda usiozidi robo dakika, na wapiga tarumbeta wa kila nchi wamejaribu kuuiga mwanzo huo. Wimbo wenyewe ulitungwa na mwalimu wake Oliver.

Mambo ya Oliver yalikwenda kinyume. Mwaka 1927 alikataa kazi katika klabu moja kubwa ya New York kwa kuona malipo ni kidogo, na kazi hiyo ikampatia umaarufu Duke Ellington. Kisha ufizi wake ukaugua, meno yakamtoka, na korneti ikamshinda. Armstrong alisimulia kwamba alimkuta katika mji wa Savannah akiuza mboga, akampa fedha alizokuwa nazo. Oliver alikufa huko mwaka 1938, kazi yake ya mwisho ikiwa kufagia nyumba ya mchezo.

Miongoni mwa Wazungu, anayependwa kupita wote ni Bix Beiderbecke wa Davenport, jimbo la Iowa, aliyejifundisha korneti mwenyewe kwa kusikiliza santuri. Hakutafuta kupiga juu wala kwa nguvu. Kila sauti yake ni safi kama kengele. Ulevi ulimharibu, akafa mwaka 1931 akiwa na miaka 28.

Habari ya Bunk Johnson ndiyo ya ajabu kuliko zote. Watu waliokuwa wakitafuta habari za jazi ya zamani walimkuta New Iberia, Louisiana, mzee asiye na meno na asiye na tarumbeta, akifanya kazi za kibarua. Wakamchangia fedha. Meno mapya akatengenezewa na daktari wa meno ambaye ni ndugu yake Sidney Bechet, mpiga klarineti mashuhuri. Mwaka 1942 alitoa santuri zake za kwanza, na mwaka 1945 watu wa New York walijaa kumsikiliza. Alijiongezea umri ili aonekane alipiga pamoja na Bolden, na wengine walimkasirikia kwa hilo. Lakini tarumbeta yake yenyewe haikuwa ya uongo. Alikufa mwaka 1949.

Armstrong alidumu zaidi ya wote. Mwaka 1956 alizuru Gold Coast, akapokewa kwa furaha na maelfu ya watu. Mwaka uliofuata, watoto weusi walipozuiwa kuingia katika shule ya Little Rock, alikataa kwenda Urusi kwa niaba ya serikali ya Marekani, akaishutumu hadharani. Watu waliodhani ni mchekeshaji tu walishangaa. Mwaka 1960 alisafiri tena Afrika, akafika Leopoldville, ambako alibebwa juu ya kiti cha enzi mabegani mwa watu, na akafika Nairobi pia. Alikufa mwaka 1971. Midomo yake ilikuwa na makovu ya zaidi ya miaka 50 ya shaba, na aliitunza kwa malhamu kila usiku.