Siku za Mmisionari Kijana Huko Rabai

Tukimtaja Johannes Rebmann, wengi wetu twakumbuka tarehe 11 Mei 1848, siku alipouona mlima Kilimanjaro. Lakini siku ya namna hiyo ni moja. Twapenda kuzitazama zile nyingine, maana utumishi wake ulikuwa katika hizo.

Rebmann, mzaliwa wa Württemberg, alisomea Basel, akatumwa na chama cha CMS cha Uingereza. Alifika Mombasa mwaka 1846, mwenye umri wa miaka 26. Huko alimkuta Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mkewe na mtoto wake mchanga. Mwaka uo huo walihamia Rabai. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa.

Kazi ya kila siku ilikuwa lugha. Aliyekuja kufundisha ilimpasa kwanza kufundishwa: aulize neno, aliandike, kisha aulize tena. (Vyuo vyetu, hatuna budi kukiri, humwandaa mtumishi kunena kuliko kusikiliza.) Mmojawapo wa walimu wake alikuwa Salimini, mtu aliyechukuliwa utumwani kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Kwa kinywa chake Rebmann alikusanya kamusi ya Kinyasa, ingawa nchi yenyewe hakufika kamwe.

Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Wa kwanza, Mringe, alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kufa. Rebmann alirudi kwao mwaka 1875, macho yakiwa yamepofuka, akafariki mwaka uliofuata. Kamusi ile ilichapwa mwaka 1877.